Sketi Imebana? Mwili Hauna Kosa!

Hebu fikiria hali hii. Ni Januari, shule zinafunguliwa. Unaitoa sandukuni sketi yako ya shule, ile ambayo mama au shangazi aliishona mwenyewe kwa cherehani ya nyumbani ulipokuwa unaingia Kidato cha Kwanza. Unaivaa. Magotini inapita vizuri, lakini ikifika nyongani inagoma. Unaingiza tumbo ndani, unavuta zipu, inaishia katikati. Kishikizo na tundu lake havitaki kukutana kabisa. Unajiuliza, "Mbona juzi juzi tu ilikuwa inanienea?"

Hapo wasichana wengi hufanya moja kati ya mambo matatu. Kuna anayefunga sketi kwa pini na kuifunika kwa sweta, halafu siku nzima hanyanyuki kitini. Hata kama jibu analijua, ubaoni haendi ng'o! Kuna anayeamua kuacha kula mchana mpaka "apungue". Na kuna anayesema anaumwa ili asiende shule, maana anajua nyumbani hela ya sketi mpya hakuna, na kuomba anaona aibu.

Ngoja kwanza, dada. Ipo njia ya nne. Sketi ilishonwa kwa ajili yako. Wewe hukuzaliwa kwa ajili ya sketi. Kinachotakiwa kurekebishwa hapa ni kitambaa, siyo mwili wako. Tuanze kwa kuelewa kilichotokea, halafu tushike wembe na sindano.

KUMETOKEA NINI MWILINI?

Kwa wasichana wengi, balehe huanza kati ya miaka 8 na 13. Ovari huanza kutoa homoni iitwayo estrojeni kwa wingi zaidi. Homoni hii ndiyo inayofanya matiti yaote, nyonga zipanuke, na mafuta ya mwili yajipange kwenye mapaja, makalio na nyonga. Mifupa ya nyonga yenyewe inakua na kubadilika umbo. Kwa hiyo hata ukishinda njaa mwezi mzima, mfupa haurudi ulivyokuwa ulipokuwa darasa la tano.

Urefu nao unaongezeka. Msichana hurefuka kwa kasi zaidi kabla hajapata hedhi ya kwanza. Baada ya hapo huendelea kurefuka, ila kwa kasi inayopungua. Ndiyo maana sketi iliyokuwa chini ya goti inaweza kujikuta juu ya goti.

Tena mwili haukui kwa ratiba moja. Rafiki yako wa dawati moja anaweza kupanuka nyonga akiwa na miaka 12, wewe ukapanuka ukiwa na 15. Wote mko sawa. Siku chache kabla ya hedhi tumbo la wengine hujaa kidogo, sketi ikabana, halafu siku zikipita inalegea. Hilo nalo ni la kawaida.

ETI NYONGA ZIKIPANUKA…

Umewahi kusikia watu wakisema, "Yule ameshaanza mambo, huoni alivyopanuka?" Huo ni uwongo. Nyonga zinapanuka kwa sababu ya homoni na ukuaji. Hazipanuki kwa sababu msichana amelala na mwanamume. Msichana ambaye hajawahi kufanya mapenzi anapanuka nyonga, na aliyewahi anapanuka vilevile. Hakuna mtu anayeweza kusoma siri ya mwenzake kwa kuangalia sketi inavyombana.

Maneno kama haya yanaumiza. Yanamfanya msichana ajifiche, wakati ndiyo kwanza anajifunza kuuzoea mwili wake mpya. Kaka unayesoma hapa, na wewe mwili wako unabadilika: mabega yanapanuka, suruali inakuwa fupi. Mwenzako akikuchekea visigino unajisikiaje? Basi na wewe usimcheke mwenzako.

KUACHA KULA SIYO DAWA

Mwili unaokua unahitaji chakula zaidi, siyo pungufu. Ukiruka milo unachoka, unasinzia darasani, kichwa kinauma. Msichana aliyeanza hedhi anapoteza madini ya chuma kila mwezi, na asipoyarudisha kwa chakula anaweza kupungukiwa damu. Maharage, dengu, dagaa, nyama na mboga za majani vinasaidia. Ukila pamoja na chungwa au embe, mwili unafyonza madini ya chuma ya maharage na mboga vizuri zaidi. Chai ya rangi pamoja na chakula inapunguza ufyonzaji huo, hivyo ni bora uinywe baadaye.

Kuvumilia sketi inayobana nako siyo ushujaa. Kiuno kikibanwa siku nzima unaweza kupata kiungulia na maumivu ya tumbo, na ngozi inachubuka, hasa wakati wa joto. Basi tuifumue!

VITU UNAVYOHITAJI

Futi ya fundi (ile ya utepe), wembe, pini, sindano, uzi wa rangi ya sketi, chaki au kipande chembamba cha sabuni kavu, na pasi. Cherehani ikiwepo ni vizuri. Isipokuwepo, mshono wa mkono uliorudiwa nyuma hatua kwa hatua unashika vizuri tu.

HATUA KWA HATUA

1. Chungulia ndani. Geuza sketi nje ndani. Angalia mishono ya ubavuni. Kitambaa kinachobaki nje ya mstari wa uzi ndiyo akiba yako. Washonaji wengi wa nyumbani huacha akiba kubwa kwa makusudi, wakijua mtoto anakua. Ukikuta sm 2.5, una bahati.

2. Jipime. Zungusha futi kiunoni, halafu sehemu pana kabisa ya nyonga. Usivute pumzi ndani! Hupimi ili kumfurahisha mtu. Ongeza sm 2 kiunoni na sm 4 nyongani, ili uweze kukaa, kuinama na kupumua. Kisha tandaza sketi mezani, pima upana wake kiunoni na nyongani, na zidisha kila kimoja mara mbili.

3. Piga hesabu. Tuseme kiuno chako ni sm 66 na nyonga sm 92. Sketi inatakiwa iwe na kiuno cha sm 68 na nyonga sm 96. Ukaipima ukakuta ina sm 64 na sm 90. Kiunoni zinapungua sm 4, nyongani sm 6. Sketi ina mishono miwili ya ubavuni, na kila mshono una kingo mbili. Jumla kingo nne. Kwa hiyo gawanya kwa nne: kila ukingo utoe sm 1 kiunoni na sm 1.5 nyongani. Kama akiba ilikuwa sm 2.5, nyongani itabaki sm 1 ya kushikilia mshono. Inatosha. Isipungue hapo, la sivyo mshono utafumuka ukiwa kwenye mchakamchaka.

4. Fumua. Kwanza ondoa mkanda wa kiunoni sehemu za ubavuni, halafu fumua mishono. Kata uzi, usikate kitambaa. Katiza uzi kila baada ya mishono mitatu au minne, kisha vuta taratibu. Kama zipu iko nyuma, kazi ni rahisi. Kama iko ubavuni, itabidi uitoe na kuirudisha kwenye mstari mpya. Hapo ndipo pagumu, hivyo mwombe aliyeishona akae nawe.

5. Chora na piga bandi. Chora mstari mpya kwa chaki au sabuni, ukitoka kiunoni na kupanuka kidogo kidogo hadi nyongani, kisha uteremke moja kwa moja hadi chini. Piga bandi kwanza, yaani shona kwa mkono mishono mirefu ya muda.

6. Jaribu kabla ya kushona. Vaa. Tembea. Halafu kaa kwenye kiti na uiname kama unayeokota kalamu. Jaribio hili ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu ukikaa nyonga huchukua nafasi kubwa zaidi. Ikivuta, toa bandi urekebishe. Ikikaa vizuri, shona moja kwa moja, kisha toa nyuzi za bandi.

7. Ongeza mkanda. Mkanda wa kiunoni sasa umekuwa mfupi kwa sm 4. Ukate kwenye ubavu na uunge kipande cha sm 8. Sm 4 zitaliwa na mishono. Kiungo kikikaa ubavuni hakionekani sana, na shati likichomekewa hufichika kabisa ukivaa sweta.

AKIBA IKIWA HAKUNA JE?

Usikate tamaa. Tafuta sketi ya zamani ya dada, au kitambaa cha rangi ileile. Kata kanda mbili ndefu, moja kwa kila ubavu, na uziunge kuanzia kiunoni hadi chini, ukifuata mistari ileile ya mishono ya zamani. Ukanda wa upana wa sm 5 utakupa sm 3, maana sm 2 huliwa na mishono. Kwa pande mbili umepata sm 6. Kiunoni, ambako unahitaji sm 4 tu, punguza upana wa kila ukanda uwe sm 4. Shule nyingine zina masharti kuhusu mishono ya sare, hivyo muulize kwanza mwalimu mlezi.

NA URE­FU?

Fumua pindo, uliteremshe. Kama kitambaa chote cha pindo unakihitaji ili kupata urefu, unga ukanda wa kitambaa chochote chepesi kwa ndani, ndio uwe pindo. Ule mstari wa mkunjo wa zamani unaweza kufifia ukiulowesha kwa maji yenye siki kidogo na kuupiga pasi juu ya kitambaa safi. Jaribu kwanza sehemu isiyoonekana, kwani rangi nyingine huchuja.

LINI UENDE KITUO CHA AFYA?

Mabadiliko mengi ni ya kawaida, lakini mengine yanataka mtaalamu. Nenda ukaonane naye kama:
- unapungua haraka bila sababu, hasa kama una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, au unatoka jasho jingi usiku;
- tumbo peke yake linavimba au lina maumivu yasiyoisha;
- umefika miaka 13 na matiti hayajaanza kuota, au miaka 15 na hujaona hedhi;
- umewahi kufanya mapenzi na sasa hedhi imechelewa. Usikae na hofu peke yako, pima mapema;
- unajikuta unaogopa kula, au unajitapisha baada ya kula.

UTAANZAJE KUSEMA NYUMBANI?

Kwa wengi, sehemu ngumu kuliko kufumua ni kufungua mdomo. Unaogopa mama atasema unapenda anasa. Jaribu hivi, wakati ametulia: "Mama, shikamoo. Sketi imeanza kunibana. Nimeangalia ndani, kuna akiba kwenye mshono. Naomba Jumamosi unielekeze tuifumue." Huombi hela hapo, unaomba muda wake. Na kama ni yeye aliyeishona, anaijua ile sketi mshono kwa mshono. Usishangae akikuambia, "Mwanangu, akiba hiyo niliiacha kwa ajili ya siku hii."

Ukija kushona sketi mpya, na wewe kumbuka. Kama ni kitambaa cha pamba, kifue kabla hujakikata ili kiishe kuruka. Acha sm 3 ubavuni na pindo la sm 8 au zaidi. Mwili bado una safari, na sketi iwe tayari kuusindikiza.

Jumatatu ukiitwa ubaoni, nenda.