Dereva akiumia kichwa Koboko, skani italipwa na nani?

Na Mwandishi Wetu, Arua

Wenye malori wanaopakia Arua na kuvuka Oraba kwenda Sudan Kusini, au Vurra kwenda Kongo, wanaijua bei ya tairi, ya dizeli, hata hasara ya gari kulala forodhani siku moja. Wachache wanaijua bei ya kitu kinachoweza kumeza faida ya safari mbili tatu: picha ya kichwa cha dereva aliyepata ajali.

Swali linaloulizwa sana ni hili. Ikiwa hospitali ya serikali ni bure, kwa nini ndugu wa mgonjwa anaambiwa alete pesa kabla ya skani? Wengi hukata shauri kwamba wameibiwa. Pengine ni kweli, lakini mara nyingi jibu liko kwenye hesabu.

Machi 2001, muda mfupi kabla ya uchaguzi wa rais, Serikali ya Uganda ilifuta ada katika vituo vyake vya afya. Zilizobaki ni wodi za kulipia katika hospitali kubwa. Tangu hapo, kumwona daktari, kulazwa na kupata dawa iliyopo ni bure. Neno la kuangaliwa hapo ni "iliyopo". Uamuzi ule ulifuta ada, haukufuta gharama. Filamu ya eksirei ikiisha kabla bajeti ya robo mwaka haijafika, mgonjwa anaelekezwa mjini, na huko hakuna bure.

Katika mpangilio wa huduma za Uganda, eksirei na altrasaundi ni kazi ya hospitali ya ngazi ya wilaya kama ya Koboko. Skani ya CT ni kazi ya hospitali ya rufaa ya mkoa, nayo kwa West Nile ni ya Arua, takriban kilomita 55 kutoka Koboko. Kwa miaka mingi mgonjwa aliyehitaji CT alipelekwa Kampala, karibu kilomita 500, kwa kupitia daraja la Pakwach na lile la Karuma. Ni katika miaka ya 2020 ambapo serikali ilianza kuzifikishia hospitali za rufaa za mikoa mashine hizo.

Kwa nini daktari asitosheke na eksirei, ambayo ni rahisi zaidi? Kwa sababu eksirei inaonyesha mfupa. Aliyeangukia kisogo kutoka juu ya tela anaweza kuwa na fuvu zima na damu inavuja ndani. Anaongea vizuri, anaomba chai, na baada ya saa chache anapoteza fahamu. CT inaiona damu hiyo mapema, na daktari wa upasuaji anajua pa kufungua. Hapo kila saa ina thamani yake, ndiyo maana umbali nao ni sehemu ya bei. Gari la wagonjwa likiwa halina mafuta, au mwenye gari la kukodi akitaka alipwe kwanza, hiyo ni gharama ya skani hata kama haiandikwi kwenye risiti.

Sasa tuje kwenye mashine yenyewe. Msafirishaji ataielewa haraka kwa sababu inafanana na lori. Bei ya kununua ni mwanzo tu. Ina bomba la kutolea mionzi ambalo huchakaa kwa kazi kama tairi, na kulibadilisha ni gharama kubwa sana. Inahitaji mkataba wa matengenezo na fundi ambaye kwa kawaida hakai Arua. Inahitaji chumba chenye ubaridi na kuta zinazozuia mionzi, mtu wa kupiga picha, na daktari wa radiolojia wa kuisoma. Madaktari hao ni wachache nchini, na wengi wako Kampala.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, siyo tarakimu za hospitali yoyote. Tuseme matengenezo, umeme na mishahara vinafika shilingi milioni 300 kwa mwaka, mashine ifanye kazi au ilale. Ikipiga wagonjwa 5 kwa siku kwa siku 300, ni wagonjwa 1,500, na kila mmoja anabeba shilingi 200,000. Ikipiga 15 kwa siku, kila mmoja anabeba chini ya shilingi 67,000. Ni lori lile lile: likienda limejaa na kurudi limejaa, kilo inakuwa nafuu. Mashine inayosimama miezi miwili ikisubiri kipuri inapandisha bei ya kila picha ya mwaka mzima, na asipolipa mgonjwa atalipa mwenye kodi.

Umeme nao umekuwa kikwazo kikubwa cha West Nile. Mkoa huu ulikaa nje ya gridi ya taifa hadi mwaka 2024. Kabla ya hapo ulitegemea mitambo ya mafuta na kituo kidogo cha Nyagak, chenye uwezo wa megawati 3.5. Mashine ya CT, inapopiga, huvuta makumi ya kilowati kwa sekunde chache, na umeme unaopanda na kushuka huua kadi zake za elektroniki. Jenereta inasaidia, ila dizeli inanunuliwa, na wenye malori hawahitaji kuelezwa dizeli ya Arua inakuja kwa gharama gani.

Kenya ilijaribu njia nyingine. Mwaka 2015 serikali yake iliingia mikataba ya kukodi vifaa vya kisasa, vikiwamo vya picha, kwa hospitali 98 katika kaunti zote 47. Wazo lilikuwa zuri: kampuni inaleta, inatengeneza, serikali inalipa kwa mwaka. Lakini baadhi ya vifaa vilikaa bila kazi kwa kukosa umeme, maji au wataalamu, huku pesa za kukodi zikiendelea kukatwa kwenye fungu la kaunti. Kwa maoni ya mwandishi huyu, somo hilo linaihusu Uganda moja kwa moja: bajeti ya fundi na ya msomaji wa picha ingetangulia bajeti ya mashine.

Tukirudi kwa dereva wetu, nani analipa? Bima ya afya ya taifa haipo. Bunge la Uganda lilipitisha muswada wake Machi 2021 lakini haukuwa sheria. Bima ya lazima ya gari, ile ya sheria ya 1989, inamhusu mtu wa tatu aliyegongwa, na kikomo chake ni shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja na milioni 10 kwa ajali moja. Skani, upasuaji na siku za wodini huimaliza mapema.

Anayebaki ni mwajiri. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri agharimie matibabu ya mfanyakazi aliyeumia kazini, na pia imemtaka awe na bima ya jambo hilo. Dereva na utingo wamo, hata kama mmeajiriana kwa mdomo tu. Wengi hapa Arua hawana bima hiyo, na hugundua siku ya ajali.

Kwa anayevuka kwenda Kongo ipo Kadi ya Njano ya COMESA. Wengi huichukulia kama karatasi ya kuonyesha kizuizini. Pamoja na kulipa hasara ya mtu wa tatu, inagharimia pia matibabu ya dereva na abiria wa gari lenyewe ajali ikitokea katika nchi mwanachama nyingine. Isome kabla ya safari, na dereva aijue namba ya kupiga.

Hospitalini, uliza mambo mawili kabla ya kutoa pesa: je, mgonjwa yuko wodi ya kawaida au ya kulipia, na je, kuna stakabadhi? Makusanyo ya hospitali za serikali ni mapato ya serikali na hulipwa benki kwa namba ya malipo ya URA, kama unavyolipa ushuru Vurra. Pesa inayotakiwa mkononi, koridoni, bila karatasi, siyo ada ya hospitali. Ukielekezwa kliniki binafsi, uliza kama mashine yao ina leseni ya Baraza la Nishati ya Atomiki, ambalo ndilo hutoa ruhusa ya vifaa vya mionzi nchini. Na picha uliyolipia ondoka nayo, kwa filamu au kwa diski, pamoja na maelezo ya daktari aliyeisoma. Mgonjwa akihamishiwa Kampala bila picha, ataanza upya, na utalipa mara ya pili.