Vitonge vya Tende, Njugu na Simsim: Kitafunio Kitamu Kisichohitaji Kuokwa

Simsim, nazi na korosho ni mazao yanayopatikana hapa kwetu Lamu, na tende hazikosi madukani, hasa mwezi wa Ramadhani. Kwa vitu hivi familia inaweza kujitengenezea vitonge vitamu vya kula na chai au vya mtoto kubeba shuleni, bila ovena wala sukari ya kuongeza. Moto unahitajika dakika chache tu za kukaanga simsim na njugu.

Mahitaji (vitonge 20 hadi 24)

• Tende laini zilizotolewa kokwa, vikombe 2
• Njugu karanga, kikombe 1 (au korosho)
• Simsim, nusu kikombe
• Nazi kavu iliyokunwa, vijiko 4 vya mezani
• Iliki ya unga, nusu kijiko cha chai

Utaratibu

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Osha vyombo na uvikaushe kabisa.

2. Chagua njugu moja moja. Pepeta simsim kwa ungo, ioshe kuondoa mchanga, kisha uianike ikauke.

3. Kaanga njugu bila mafuta kwa moto mdogo, uziache zipoe, uzimenye. Kaanga simsim kando hadi ianze kurukaruka na kunukia. Usiiache iungue, itakuwa chungu.

4. Fungua kila tende uitazame ndani. Yenye wadudu au ukungu itupe. Zikiwa ngumu, ziloweke katika maji ya moto kwa dakika 10, kisha uzichuje vizuri.

5. Twanga njugu kwa kinu au uzisage kwa blenda. Ongeza tende na iliki, uendelee kutwanga hadi mchanganyiko ushikamane. Ukiwa mkavu, ongeza tende; ukinata mno, ongeza njugu. Usitie maji, kwa sababu unyevu ndio unaoharibu vitonge mapema.

6. Finyanga vitonge vya ukubwa wa ndimu ndogo. Viviringishe kwenye simsim na nazi, kisha uviache saa moja vikazane.

Baadhi ya watu huongeza unga wa ngano ili vitonge viwe vingi. Unga mbichi unaweza kuwa na viini vya magonjwa, na hapa hakuna moto wa kuviua. Usiutumie.

Jihadhari na njugu zenye ukungu

Hatua ya kuchagua njugu isirukwe. Nafaka na njugu zilizohifadhiwa na unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, yaani aflatoksini, inayodhuru ini. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yalisababisha vifo vya watu 125 katika sehemu za mashariki mwa Kenya. Kukaanga hakuiondoi sumu hii, na haionekani kwa macho wala haina harufu. Nunua njugu kavu kwa mwuzaji anayezihifadhi mahali pakavu. Tupa zote zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zilizovunjika. Ukitafuna moja ukaona uchungu, iteme. Zilizotupwa usiwape kuku wala mifugo.

Kwa watoto na wagonjwa

Watoto walio chini ya miaka 5 hukabwa kwa urahisi na njugu nzima. Saga laini kabisa, bapa kitonge kiwe chembamba, umkatie vipande vidogo, na mtoto ale akiwa ameketi. Wengine huongeza asali. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo. Mtu anayevimba midomo, kutokwa na vipele au kupumua kwa shida baada ya kula njugu au simsim asionje vitonge hivi.

Tende ina sukari nyingi ya asili. Kitonge kimoja au viwili vinamtosha mtu kwa siku, na mwenye kisukari aulize kwanza mhudumu wake wa afya.

Kuhifadhi

Weka vitonge katika chombo kikavu chenye kifuniko. Katika joto letu vile siku 4 au 5. Ndani ya friji hukaa hadi wiki 2. Ikiwa umeloweka tende, viweke kwenye friji. Ukitumia nazi mbichi, vimalize siku hiyo hiyo. Kitonge chenye harufu ya uchachu au madoa ya ukungu hakiliwi.

Ukitaka kuuza

Vikundi vya akina mama na vijana wanaweza kupata riziki kwa kazi hii. Anayeshughulikia chakula cha kuuza anahitaji cheti cha afya, kinachofanywa upya kila baada ya miezi 6, pamoja na leseni ya biashara ya kaunti. Vitonge vinavyofungwa na kuuzwa madukani vinahitaji pia alama ya ubora ya KEBS. Usifungie chakula kwa magazeti, kwa sababu wino wake hushika kwenye chakula. Mifuko ya plastiki ya kubebea nayo imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 28, 2017. Tumia vikopo vyenye vifuniko au karatasi safi za chakula, na uandike tarehe ya kutengenezwa.

Kabla ya kuanza, mwone afisa wa afya ya umma katika wadi yako akuelekeze na kukagua mahali unapotengenezea.