Kinga ya Kompyuta Isiyohuishwa
Flashi iliyorudi kutoka duka moja la kuchapishia ilitosha kuficha majalada yote ya madrasa katika kompyuta ya msikiti wetu hapa Amani. Programu ya kuzuia virusi ilikuwemo, ila hatukuihuisha tangu Ramadhani. Programu hizo huvitambua zaidi virusi vilivyokwisha kujulikana. Kigeni huweza kupita mlangoni kwa salamu. Mei 2017, WannaCry ilipenya katika ufa wa Windows na kuenea nchi zipatazo 150, ilhali Microsoft ilikwisha kutoa masahihisho ya kuuziba tangu Machi. Sasa daftari la waqfu tunalinakili katika diski isiyounganishwa na mashine. Lakini ule ujumbe wa simu, “ile hela tuma kwenye namba hii”, hauna kirusi, wala programu haiuoni. Mzazi mmoja wa madrasa amekwisha kuutii.