Oili Nyeusi Si Lazima Iwe Mbovu

Mwenye pikapu ya dizeli anamwaga oili nyumbani, anaweka mpya yenye rangi ya asali, anazunguka mtaa mara mbili, kisha akichomoa stiki anakuta oili imeshaanza kuwa nyeusi. Hapo ndipo muuza duka huanza kushukiwa. Pengine kwa haki, maana oili za kughushi zipo sokoni, ila weusi peke yake hauthibitishi wizi wowote. Dizeli ikiungua huacha masizi, na sehemu yake hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Oili ya kisasa imetiwa viambato vya kuzishika chembe hizo moja moja zisigandamane, zibaki zikielea mpaka siku ya kumwagwa. Isitoshe, kila injini hubaki na oili kidogo ya zamani kwenye vijia vyake, nayo hutosha kuipaka rangi ile mpya. Oili ya dizeli inayobaki angavu kwa miezi ndiyo ingenitia wasiwasi: masizi yamekwenda wapi?

Kinachochoka ndani ya oili hakionekani kwa jicho. Salfa iliyomo kwenye mafuta huzaa asidi inapoungua, na oili hubeba akiba ya kemikali za kuipoza asidi hiyo. Akiba ikiisha, asidi huanza kuzila beringi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba tangu Januari 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa kila milioni, na hilo limeipunguzia oili mzigo mkubwa. Ila kuna adui mwingine, vumbi, naye hakuingia kwenye makubaliano.

Kumwelewa kunataka kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akichunguza beringi za ekseli za treni. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atilie oili. Ekseli ilipozunguka, oili ikapanda tunduni na kumwagika nje. Akatia kizibo, kikasukumwa; akaziba kwa kijiti, nacho kikatoka. Alipofunga geji, mshale ulipita pauni 200 kwa kila inchi ya mraba. Miaka mitatu baadaye Osborne Reynolds alilieleza jambo hilo kwa hesabu: chuma kinachozunguka huiburuta oili na kuisukumia kwenye uwazi unaozidi kubana, shinikizo hupanda, na chuma hunyanyuliwa kisiguse chenzake. Kwa hiyo krenki ya Hilux inayokwenda haijalalia beringi zake, inaelea. Pampu kazi yake ni kuleta oili tu. Nguvu ya kubeba mzigo huzaliwa palepale, chuma kinapozunguka.

Utando huo wa oili una unene wa maikromita chache, wakati unywele wa mtu una kama 70. Na vumbi la barabara zetu lina chembe za kwatzi, jiwe gumu kuliko vyuma vingi vya injini. Chembe kubwa hunaswa na filta. Ndogo kabisa hupita kwenye utando bila kugusa pande zote mbili. Zenye madhara zaidi ni zile zinazolingana na unene wa utando au kuuzidi kidogo, na filta ya kawaida huziachia nyingi. Ndiyo maana vitabu vya magari huweka muda mfupi zaidi wa kubadilisha oili kwa gari la njia za vumbi, la kuvuta tela au la safari fupifupi. Pikapu ya shambani hufanya yote matatu, kisha mwenyewe anahesabu kilomita za lami! Na filta ya hewa yenye ufa huiua injini hiyo upesi kuliko oili iliyochelewa.

Kuna hoja husikika gereji: nchi yetu haina baridi, basi 15W-40 ya nini, weka 40 tupu. Kweli, 15W inahusu majaribio ya kuwasha injini katika nyuzi 20 chini ya sifuri, hali ambayo Dodoma haitaiona. Lakini hata asubuhi ya joto, oili iliyolala usiku kucha ina mnato mkubwa mara nyingi kuliko ilivyo injini ikifika nyuzi 100. Oili yenye namba mbili ina nyuzi za polima zinazojikunja kwenye ubaridi na kutanuka kwenye joto, kwa hiyo hutiririka kwa haraka asubuhi bila kuwa maji mchana. Fuata kitabu cha gari.

Kazi yenyewe si ngumu. Pasha injini dakika chache ili oili ilegee na kutoka na uchafu wake, lakini isikuunguze mkono. Egesha penye usawa, vuta hendibreki, weka mawe kwenye magurudumu. Pikapu nyingi zina nafasi ya kutosha kuingia chini bila kuinua. Ukilazimika kuinua, weka stendi, usilale kamwe chini ya gari lililobebwa na jeki pekee. Mwaga kwenye beseni kubwa, maana injini ya lita 2.5 au 3 huweza kutoa lita 6 na zaidi. Badilisha washa ya bolti ya kumwagia oili. Raba ya filta mpya ipake oili, kisha kaza filta kwa mkono. Jaza, washa bila kukanyaga mafuta mpaka taa ya oili izime, zima, subiri, soma stiki.

Inabaki oili chafu. Wengi huipaka kwenye nguzo na mbao kuzuia mchwa, tena kwa mikono mitupu. Oili hiyo imebeba metali za injini na kemikali za mwako, na katika maabara imewasababishia panya saratani ya ngozi. Vaa glavu, geuza filta ichuruzike, funga oili kwenye dumu lililoandikwa, na uipeleke kwa wakusanyaji wanaoichukua kwa kusafishwa upya au kuwa nishati ya tanuri za viwandani. Dumu hilo lisirudi jikoni kuteka maji, hata likioshwa kwa sabuni.