Farasi Anayeruka Ua

Mwenye farasi aliyeanza kuruka ua huwa na swali moja: niupandishe hadi wapi? Ni swali la haki, maana fundi anataka vipimo na mbao zina bei. Ila likitangulia mengine humaliza pesa bila kumaliza tatizo, na wakati mwingine humvunja farasi mguu.

Tarehe 5 Februari 1949, mjini Viña del Mar nchini Chile, farasi aitwaye Huaso aliruka kizuizi cha mita 2.47 akiwa amembeba Kapteni Alberto Larraguibel. Rekodi hiyo haijavunjwa. Huaso hakuwa farasi wa kila siku, sawa, lakini hata vizuizi vya Olimpiki hufika mita 1.60 na ushei, na farasi huviruka wakiwa na mtu na matandiko mgongoni. Ua wa kawaida wa padoki ni mita 1.2 hivi. Farasi aliyestaafu mbio za Ngong, aliyeachiwa malishoni pale Karen, Kenya, bila mzigo wowote, akitaka kuuvuka atauvuka. Cha kujiuliza ni kwa nini siku nyingi hataki, na siku ile alitakia nini.

Kwa asili farasi hapendi kuruka. Ni mnyama wa uwandani na wa kukimbia. Akikuta gogo njiani, na pana nafasi, atalizunguka. Ana kilo 500 hivi juu ya miguu myembamba, na macho yake yamekaa ubavuni mwa kichwa, kwa hiyo kitu kilicho mbele kabisa ya paji la uso hakioni. Ua anaouruka humtoka machoni hatua za mwisho. Anayejitosa hivyo ana sababu iliyoizidi hofu yake. Na akishatua salama upande wa pili, kwa wenzake au penye majani mabichi, amepata malipo yake papo hapo. Kesho atajaribu tena, kwa wasiwasi mdogo zaidi.

Sababu hiyo mara nyingi imeandikwa chini. Asubuhi baada ya tukio, nenda kaisome ardhi kabla saisi hajapitisha toroli. Ukiona nyayo mbili za nyuma zimezama sambamba, mita moja na nusu hivi kutoka kwenye ua, na udongo umetupwa nyuma yake, huyo alikuja kwa mwendo, akapima, akaruka. Ana nguvu zisizo na kazi, na huenda amefundishwa kuruka. Ukikuta kijia kimechimbika kando ya ua kwa kwenda na kurudi, nyayo zimekanyagana karibu na nguzo, na manyoya ya tumbo yamenasa kwenye ubao wa juu, huyo alihangaika muda mrefu kabla ya kujirusha. Huo ni upweke, au njaa, au ni jike aliye kwenye joto na amesikia dume ng'ambo. Na nyayo za mbio zinazotoka kona ya mbali moja kwa moja hadi uani ni za farasi aliyekimbia kitu, mara nyingi mbwa. Wa mwisho huyu hahitaji ubao wa ziada. Anahitaji mbwa wafungwe.

Upweke ndio ninaoutilia mkazo, kwa sababu dawa yake ni rahisi na haitumiki. Saisi aliyeizoea kazi atakwambia saa mbaya ni kumi na moja jioni. Huku Kenya farasi wengi huingizwa bandani kabla ya jua kuzama, kwa hofu ya ule ugonjwa wa farasi wa Kiafrika unaosambazwa na usubi, wadudu wanaouma zaidi kati ya magharibi na alfajiri. Basi saisi anachukua mmoja, anarudi kumchukua wa pili, anarudi tena. Anayebaki peke yake anazunguka, anaita, anatimua vumbi, halafu yuko hewani. Wachukueni wawili wa mwisho pamoja, kila mmoja na kamba yake na mtu wake. Kama mtu ni mmoja tu, mrukaji asiwe wa mwisho kamwe. Utaratibu huo haugharimu shilingi.

Mwenye farasi mmoja tu amtafutie mwenza. Punda anafaa sana, na mbuzi aliyezoea hufaa pia. Punda apewe dawa ya minyoo kwanza, maana anaweza kubeba minyoo ya mapafu bila kukohoa hata mara moja, akamwambukiza farasi.

Kufungia usiku nako kuna deni lake. Mnyama aliyeumbwa kula polepole kwa saa 15 hadi 18 kwa siku, mwenye tumbo dogo kwa mwili wake, anasimama bandani saa kumi na mbili au zaidi. Robota lake la nyasi likiisha saa tatu usiku, asubuhi anatoka na njaa na nguvu za tangu jana, na mwenye nyumba anashangaa ameruka saa moja na nusu. Mpe nyasi kavu za kutosha kumfikisha alfajiri. Kwa farasi wa kilo 500, chakula cha nyasi kwa siku nzima kisipungue kilo 7 au 8, malisho yakihesabiwa humo. Asubuhi mfanyishe kazi kwanza, kisha umwachie. Na padoki iliyoliwa ikabaki vumbi, huku ya jirani imejaa majani, usitarajie aiheshimu mipaka ya hati ya shamba.

Hayo yakishafanyika, sasa tuzungumze mbao. Kosa kubwa hapa ni kupandisha ua kidogo kidogo: leo sentimita kumi, wiki ijayo kumi nyingine. Hivyo hasa ndivyo mwalimu anavyomfundisha farasi wa mashindano. Ua wa kati ndio unaoumiza, ule ambao bado anaamini ataumudu na kwato zinagonga. Kama unapandisha, pandisha mara moja hadi mita 1.5 au zaidi, akiwa amewekwa kwingine kazi ikiendelea. Lango lilingane na ua, kwani pengo la sentimita 20 pale ambapo chakula huingilia ndilo atakaloliona kwanza. Tazama na mteremko: ardhi ya ndani ikiwa juu kuliko ya nje, ua wa mita 1.5 umeshapungua.

Uonekane pia. Farasi hatofautishi nyekundu na kijani kama sisi, na mbao za kahawia mbele ya vichaka humpotea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walionyesha kwamba rangi ya machungwa iliyokuwa ikipakwa kwenye vizuizi vya mbio haimwonekei vizuri kama nyeupe, njano au buluu inayong'aa, na kuanzia 2022 viwanja vya huko vikaanza kuibadilisha kuwa nyeupe. Ubao wa juu uliopakwa chokaa ni rahisi sana kuliko daktari wa mifugo.

Seng'enge ya miba iondoke kabisa. Ng'ombe huiegemea na kurudi nyuma. Farasi akinasa hupambana mpaka achane ngozi na mishipa. Ikibidi ibaki kwa sababu ya mpaka na jirani, jenga ua wa pili ndani, mbali nayo, asiifikie hata akiruka. Ua wa kayaba ulioshikamana vizuri ni kinga nzuri, ila una miiba mirefu na huchukua miaka kukua. Uwe mpaka wa nje, si wa kumkabili yeye.

Umeme husaidia kuliko urefu, mradi uwekwe kama somo. Tumia utepe mpana mweupe, juu ya ubao wa mwisho na mwingine ukichomoza ndani nusu mita hivi, ili asipate mahali pa kusimama na kupima. Mzungushe kwa kamba siku ya kwanza aujue. Pima nguvu yake mara kwa mara: chini ya volti 3,000 mrukaji mzoefu ataupuuza. Kiangazi ardhi hukauka na nondo ya kutuliza umeme ardhini haifanyi kazi vizuri, kwa hiyo imwagilie maji. Masika nyasi hugusa waya na kuufyonza umeme, kwa hiyo zifyeke.

Chukulia pia kwamba ipo siku atavuka. Upande anakotua kusiwe na jembe la trekta, mtaro wala lundo la mawe. Padoki iwe ndani ya mpaka mwingine wenye geti linalofungwa, ili akitoka aishie uani kwako, si barabara ya lami usiku. Asiachiwe na hatamu ya nailoni isiyokatika. Na wale wanaofunga miguu ya mbele kwa kamba kumzuia, waache: atakayejaribu kuruka hata hivyo ataanguka kifudifudi.

Akitoroka, usimkimbize. Akifukuzwa hurudi kwa kuruka tena, na hilo nalo ni zoezi. Fungua lango, mlete mwenzake asimame hapo na ndoo ya pumba, umngoje. Ukimchapa baada ya kurudi, atakachokumbuka ni kwamba kurudi kunaleta fimbo, na mara ijayo atakwenda mbali zaidi.