Ulimi Hauujui Mpaka wa Mutukula

"Mtaalamu, hebu onja kahawa hii utuambie: ya Muleba, au imevuka kutoka Uganda?" Nimeulizwa Kemondo, nimeulizwa Kamachumu, na wiki hii mzee mmoja pale Bukoba amenisogezea kikombe hata sijaketi. Shikamoo mzee, jibu langu ni lile lile: sijui. Anayedai kujua kwa kuonja tu anabahatisha.

Nipangie robusta sita bila majina: gramu 11 za unga kwa mililita 200 za maji ya moto, dakika 4, kisha nivunje utando kwa kijiko, ninuse, nifyonze. Arabika ya Kilimanjaro iliyooshwa ikijichanganya humo nitaitoa mara moja kwa uchachu wake. Moshi nitaujua, kahawa mbichi nitaijua. Nchi, hapana. Mpaka wetu na Uganda, huo unaopita Mutukula, Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1890 kwa kufuata nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Ziwa ni moja, na mwinuko unapita mita 1,100 huku na kule. Tena mbuni wa robusta haujichavushi wenyewe, kwa hiyo miche ya mbegu katika kibanja kimoja haifanani.

Linalonichosha hasa ni hili: "Ya kwetu inanukia udongo wa Kagera." Jamani, mizizi haipandishi harufu ya udongo mpaka kwenye buni! Harufu hiyo huingia baada ya kuchuma, kahawa ya maganda inapoanikwa chini uani, mvua ikainyeshea, ukungu ukaota. Msimu uliopita nilipasua ganda moja mbele ya mwenye mali. Ndani kulikuwa na utando mweupe, buni ina madoa, inanuka kama gunia lililolala kwenye maji. Tukakaanga sampuli mbili za kibanja chake hicho hicho, moja ya chini, moja ya kichanjani. Ya kichanjani haikuwa na udongo hata kidogo. Alinyamaza, akaonja tena. Miaka yote alikuwa akiisifu kasoro ambayo mnunuzi anaikatia bei.

Jina likitangulia, ulimi hulifuata. Ufaransa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu, wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Nasi tukishaambiwa "hii ya nyumbani" tunafanya vivyo hivyo.

Unataka kujua kahawa imetoka wapi? Fuata karatasi za mzigo mpaka chama cha msingi. Unataka kujipima? Vikombe vitatu, viwili sawa, kimoja tofauti, apange mtu mwingine. Rudia mara nyingi, maana kwa kubahatisha tu utapata moja kati ya tatu. Mkulima, chuma nyekundu pekee, anika kichanjani, geuza kila siku, funika mvua ikija, kausha mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 12 hivi. Ukikwama, wataalamu wa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, wapo Maruku. Na gunia lisilale sakafuni.