Beira na Ubia Unaoishia kwenye Makabidhiano

Kusini kidogo ya Beira, katika pwani ya Msumbiji, ndipo ilipokuwa Sofala, bandari ya dhahabu iliyokuwa mikononi mwa masultani wa Kilwa. Wareno walijenga ngome pale mwaka 1505. Bahari ikaimega karne baada ya karne, na mawe yake yakachukuliwa kujengea kanisa kuu la Beira. Mji uliorithi mawe hayo umerithi pia adui aliyeyaangusha.

Beira ilianzishwa mwishoni mwa karne ya 19 juu ya kinamasi, pale mito Pungwe na Buzi inapoingia baharini. Leo ina wakazi zaidi ya nusu milioni, na mitaa mingi iko chini ya kimo cha maji ya bamvua. Usiku wa kuamkia 15 Machi 2019 kimbunga Idai kiliuvamia mji huo. Zaidi ya watu 600 walikufa nchini Msumbiji, na Msalaba Mwekundu ulikadiria kwamba karibu asilimia 90 ya Beira na maeneo jirani imeharibiwa. Hata hivyo, usiku ule bahari ilikuwa katika maji mafu. Kimbunga kingechelewa wiki moja tu, kingekuta mwezi mpevu na bamvua, na bahari ingeingia ndani zaidi. Mji ulinusurika kwa kalenda ya mwezi.

Tukitaja Idai peke yake tutakuwa tumeficha nusu ya habari, maana Beira ilikuwa imeanza kudhoofika zamani. Kuta fupi zilizojengwa enzi za ukoloni kuingia baharini, ili zizuie mchanga wa fukwe usichukuliwe, ziliachwa zikaharibika. Mivinje iliyoshika matuta ya mchanga ilipungua. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu tangu 1977 hadi 1992 vilisukuma wakimbizi mjini, nao wakajenga walipopata nafasi, yaani kwenye mabonde ambayo hapo awali yalikuwa yakipokea maji ya mvua. Mifereji ikajaa tope na taka. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotokea kwa siku moja, ndiyo maana hakuna aliyelitangaza kuwa janga.

Katika kutibu udhaifu huo, ubia na wafadhili wa nje umekwisha kuonyesha unachoweza. Uholanzi ilisaidia kuandaa mpango mkuu wa mji hadi 2035. Ujerumani, kupitia benki yake ya maendeleo KfW, pamoja na Benki ya Dunia, zilifadhili kufufuliwa kwa Chiveve, mto mdogo unaopita katikati ya mji, na ukarabati wa mifereji mikuu. Milango ya maji hufungwa bahari inapojaa na kufunguliwa inapokupwa ili maji ya mvua yatoke. Idai ilipopita, mitaa iliyofikiwa na kazi hiyo iliondokewa na maji mapema. Huo ni ushahidi kwamba mji wa tambarare ya chini haujahukumiwa kufa.

Tatizo ni kwamba mradi una tarehe ya mwisho, bahari haina. Mfadhili hulipia ujenzi, hukabidhi, huondoka. Kuzibua mitaro na kutunza milango ya maji kunabaki kwa manispaa yenye mapato madogo. Ndani ya nchi kwenyewe ubia ulikuwa mgumu: Daviz Simango, mhandisi aliyeongoza manispaa kuanzia 2003 hadi alipofariki Februari 2021, alitoka upinzani, wakati serikali kuu iko mikononi mwa chama cha Frelimo. Ukuta wa bahari haujui chama, lakini bajeti yake inajua.

Wapo pia wabia ambao mpaka sasa hawajahesabiwa. Mizigo ya Zimbabwe, Malawi na Zambia hupita bandari ya Beira. Mji ukizama, nchi hizo hupoteza mmoja wa milango yao ya bahari. Ushuru mdogo kwa kila tani, uwekwe katika mfuko wa matengenezo unaokaguliwa na manispaa, bandari na nchi hizo kwa pamoja, ungekuwa na uhakika kuliko ahadi za mikutano. Mikutano tunaijua: mwaka 2019 mahitaji ya Msumbiji baada ya vimbunga Idai na Kenneth yalikadiriwa kuwa dola bilioni 3.2, na wafadhili waliokutana Beira wakaahidi bilioni 1.2.

Msumbiji na Zimbabwe zilitia saini mwaka 2016 makubaliano ya kugawana maji ya Pungwe. Yafaa yabebe pia suala la tope, kwa kuwa uchimbaji mdogo wa dhahabu huko juu huchafua mto ambao mwisho wake ni mlangoni mwa Beira. Nao wavuvi wa Praia Nova, mtaa wa Beira ulio kwenye mchanga mtupu, wasipangiwe makazi ya mbali na bahari bila kuulizwa watakula nini. Mvuvi asiye na njia ya kufika kwenye mtumbwi wake atarudi, na atakuwa na haki.

Haya hayataokoa kila mtaa. Mingine italazimika kuachiwa maji, na ni heshima kuwaambia wakazi mapema. Kwa ile inayoweza kulindwa, kila mkataba uulizwe, kabla ya saini, nani atamlipa mshahara katika mwaka wa kumi yule anayefunga milango ya maji usiku wa bamvua. Usiojibu hilo urudishwe mezani, hata kama fedha zake ni nyingi.